Shajara ya BSA ya bandani

Jumamosi, 11 Januari 2025

Imefika nyumbani. Iko juu ya meza ya karakana, imelazwa kwenye shuka kuukuu kama mgonjwa aliyeteremshwa kwenye machela. (Karakana ni neno la kujikweza. Ni banda la bustani, futi nane kwa sita, ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta.) Ni bunduki ya upepo ya BSA (Birmingham Small Arms, ndilo jina la kiwanda), aina ile yenye mkono wa kukokea chini ya mtutu, na nambari yake inaanza na herufi S. Herufi hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa: ni ile waliyoiita Standard, tundu la .22, ya baada ya mwaka 1919, kiwanda kilipomaliza kazi za vita na kurudi kwenye bunduki za kuchezea shabaha.

Nimeilipia pauni 85. Iliyo nzima na safi huuzwa mara mbili ya hapo na kupita, lakini hii si nzima wala si safi. Mama mjane aliyeniuzia alisema banda la mumewe halijafunguliwa tangu msiba. Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninao wawili, na kabati la chuma lenye kufuli ninalo pia. Akanitazama kidogo, kisha akaniongezea bure kopo la marisau, ndivyo tunavyoviita Pwani vile vidonge vidogo vya risasi.

Kinachonichekesha ni safari yake. Mimi nakaa Small Heath, Birmingham. Kiwanda cha BSA kilikuwa papa hapa Small Heath, kwenye barabara ambayo mpaka leo inaitwa Armoury Road, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Bunduki imezunguka miaka mia moja hivi, ikarudi kwao. Aliyetoka mbali ni mimi.

Hali yake: kutu mtutu mzima, vichwa vya skrubu vimeliwa na bisibisi isiyo saizi, mkono wa kukokea umeganda, bilula (kile kizibo kinachozungushwa ili utie risasi) hakizunguki. Kitako ni cha mbao ya jozi, kimekauka mpaka kimekuwa cheupe kama mfupa, na upande wa chini kuna mikato midogo ya kisu, imepangwa safu moja. Nimeihesabu mara mbili. Ni 23.

Jumapili, 12 Januari

Wenzangu wamekuja kuiona. Sisi ni watatu: mimi mtu wa Tanga, Mtaita mmoja wa kutoka upande wa Taveta, na Mzee wetu wa Unguja, ambaye ana miaka sabini na mbili na amekaa Uingereza kuliko sisi wawili tukijumlishwa. Hobi hii ndiyo inatukusanya. Mtaita ana bunduki za upepo tano, Webley mbili na Diana tatu. Mzee ana bunduki moja tu, Snider, ya kale ya kijeshi, imening'inia sebuleni kwake, na hiyo moja inatosha kutunyamazisha sote.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Iko wapi hiyo maiti?"

Akaigeuza geuza, akainusa, akapitisha ukucha kwenye ile mikato ya kitako. "Panya," akasema. "Kila mkato panya mmoja." Mtaita akakataa, akasema hizo ni kengele. Hapa Birmingham, bunduki hizi zilipotoka mwanzoni mwa karne iliyopita, watu waliunda vilabu vya kulenga shabaha ndani ya baa. Waliweka bamba la chuma lenye tundu dogo, nyuma ya tundu kengele. Ukipitisha risasi tunduni kengele inalia. Usipopitisha unasikia bamba tu, na wenzako wanakucheka. Bunduki yenyewe ilibuniwa na fundi wa mji huu, Lincoln Jeffries, aliyekuwa na duka Steelhouse Lane. Hati yake ya ubunifu ni ya 1904, na BSA wakaanza kumtengenezea mwaka uliofuata. Kwa hiyo, anasema Mtaita, mwenye bunduki alikuwa anahesabu ushindi wake.

"Mtu anayeshinda mara 23 tu tangu zama hizo si wa kujisifu," Mzee akajibu. "Ni panya."

Suala limeachwa hapo. Mimi nimeandika kwenye daftari: mikato haiguswi, iwe panya iwe kengele.

Tukazungumzia pia sheria, maana Mtaita ana binamu yake Glasgow anayetaka kununua moja kati ya zile Diana. Huku England bunduki ya upepo isiyozidi futi-ratili 12 za nguvu haihitaji leseni, mradi uwe umetimiza miaka 18. Scotland hapana: tangu 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti cha polisi kwanza. Binamu ameambiwa atafute cheti, ndipo arudi kuulizia bei.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima nimekuwa naidondoshea mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi kabla ya kazi na usiku baada ya kazi, tone tone, kama mtu anayemtia mtoto dawa ya macho. Leo bilula imesogea. Upana wa unywele tu, lakini imesogea.

Skrubu ni kisa kingine. Skrubu za zamani zina ufa mwembamba sana, na bisibisi za dukani zina ncha iliyochongoka pembeni. Ukilazimisha, inaruka na kula kichwa. Aliyenitangulia alilazimisha. Nimechukua bisibisi kuukuu, nikaisugua ncha kwa tupa mpaka ikawa bapa na nyembamba, ikaingia kwenye ufa pasi na kucheza. Kazi hiyo peke yake imenichukua saa mbili. Skrubu ya kwanza ilitoka kwa sekunde kumi.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya upasuaji. Kwenye bunduki hizi, kipande cha nyuma kinachobeba kifyatulio kimefungwa kwa hesi ndani ya bomba la hewa, kama kifuniko cha chupa. Springi iko ndani, inakisukuma. Ukifika hesi za mwisho kinataka kuruka, kwa hiyo Mtaita aliegemea bomba kwa uzito wake wote huku mimi nazungusha taratibu kwenye jiliwa, midomo ya jiliwa tumeivika mbao. Hatukuhitaji ushujaa wote huo. Kilitoka kimya, kikafuatwa na harufu.

Sijui niielezeje harufu ile. Mafuta ya ng'ombe yaliyochacha, kutu, na kitu kama stoo ya mkonge wakati wa masika.

Springi ilikuwa imekatika vipande viwili, na kile kifupi kilikuwa kimejizungusha ndani ya kirefu, vimekumbatiana mpaka kwa nje unaona springi moja fupi. Ndiyo maana mama yule alisema mumewe "aliacha kuitumia, ilikuwa imechoka." Pistoni ni nzima. Ile ngozi ya mbele ya pistoni, ambayo ndiyo inayozuia hewa isitoroke, ilitoka kama biskuti: nimeigusa kwa kidole, ikavunjika.

Hapo ndipo Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo na kikombe chake cha chai ya tangawizi, alipoinuka kwa mara ya kwanza. "Hii si ngozi ya stovu?" Ndiyo hiyo hasa. Aliyewahi kufungua stovu ya pampu ya mafuta ya taa, au pampu ya baiskeli ya zamani, anaijua: kikombe kidogo cha ngozi, mdomo wake umeelekea mbele, hewa ikisukumwa mdomo unatanuka na kubana ukuta wa bomba. Kwetu Tanga fundi wa stovu alikuwa anazikata kutoka kwenye viatu vilivyokufa. Nimekua nikiziona zimeanikwa kwenye kamba kama dagaa.

Jumatatu, 3 Februari

Naandika hii nikiwa na hasira, na mwenye kosa ni mimi.

Nilikuwa peke yangu, usiku, nina haraka. Nikachukua msasa (laini, lakini msasa ni msasa) nikaanza kusugua kutu juu ya bomba. Kutu ikatoka vizuri, chuma kikaanza kung'aa, nikanogewa. Nilipofuta vumbi nikakuta nimesugua mpaka juu ya maandishi ya kiwanda. Yalikuwa yamesomeka miaka mia moja, chini ya kutu, bila shida. Sasa mwisho wa mstari umefifia, unaanza vizuri na BIRMINGHAM kisha unazama kwenye mng'aro wangu wa kijinga. SMALL unaikisia. ARMS huioni mpaka uinamishe taa.

Nimempigia Mzee. Alikaa kimya, halafu akasema, "Ulitaka iwe mpya?" Nikasema nilitaka iwe safi. "Basi ungetumia sufi ya chuma na mafuta, mwanangu, kama wanavyofanya watu wote." Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu.

Kutu nyekundu ndiyo inayokula. Ile ya kahawia iliyolala vizuri ni ngozi ya chuma, ukiilainisha kwa mafuta na sufi laini kabisa ya chuma, inabaki rangi ya kunguru wa mvua na haili tena. Hilo nilikuwa nalijua. Nimewaambia wengine mara kadhaa. Mtaita ananiambia nipeleke bomba zima likatiwe rangi ya buluu upya, lifanane. Nimekataa. Wakipiga rangi mpya watalazimika kusugua zaidi, na herufi zilizobaki zitakwenda na zilizokufa. Doa libaki, nilione kila nikiishika.

Jumamosi, 8 Februari

Ngozi. Nimenunua kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa ya magome, unene wa milimita tatu, isiyopakwa rangi. Ngozi za mikoba hazifai, ni laini mno.

Kalibu nimeitengeneza mwenyewe: kipande cha bomba la shaba la fundi bomba chenye upana wa ndani unaolingana na bomba la bunduki, kipande cha mbao kilichochongwa mviringo, chembamba kidogo ili ngozi ipate nafasi pembeni, na boliti ndefu ya kuvivuta pamoja. Nimekata duara la ngozi, nikalitoboa katikati, nikaliloweka kwenye maji ya moto ambayo kidole kinavumilia. Baada ya dakika chache ngozi inakuwa kama chapati ambayo haijapikwa. Unaiweka juu ya mdomo wa bomba, unaanza kukaza nati. Inakunjamana pembeni, inalalamika, maji yanatoka, halafu ghafla inakubali na kuzama, na kingo zinasimama. Umepata kikombe.

Ya kwanza ilipasuka. Ya pili niliikata ndogo. Ya tatu iko juu ya kipasha joto cha sebuleni, na mke wangu ameuliza kwa upole kama kitu hicho kitakaa hapo muda mrefu.

Jumapili, 16 Februari

Ngozi imekauka, imekuwa ngumu kama kifuu. Nimepunguza mdomo kwa wembe, nikailoweka kwenye mafuta ya kwato za ng'ombe. Inayanywa polepole na kurudi kuwa laini.

Tukiwa tunaingoja tulikaa kwa Mzee, chini ya Snider yake. Mtaita hupenda kumchokoza. "Hiyo ndiyo mliyopigania vile vita vyenu vya dakika 38?" Mzee huwa hacheki kwa hilo. Vita vya Agosti 27, 1896 vilikuwa vya mizinga ya manowari dhidi ya kasri, na waliokufa Unguja walikuwa mamia. Kuhusu Snider yenyewe akatueleza, kwa mara ya ishirini labda, kwamba asili yake ni gobore: Waingereza walikuwa na bunduki za kujaza kwa mdomo za 1853, na badala ya kuzitupa wakakata nyuma ya mtutu na kutia kifuniko cha bawaba alichokibuni Mmarekani Jacob Snider. Kuanzia 1866 jeshi lao likawa na bunduki ya kujaza kwa nyuma kwa gharama ndogo. Zilipopitwa na Martini-Henry, nyingi zikatawanywa duniani, na jeshi alilolifunza Lloyd Mathews kwa ajili ya Sultan Barghash nalo lilizipata. Kama hii ya ukutani iliwahi kuiona Forodhani, Mzee hasemi. Kaipata mnadani Coventry. Anapenda tu kuamini.

Haina shida ya leseni kwa sababu ni ya kale, risasi zake zimo kwenye orodha ya zile zisizotengenezwa tena kwa matumizi ya kawaida, na yeye anaihifadhi kama pambo. Akitaka kuipiga mambo yatabadilika. Hataki. Huipaka mafuta kila Ijumaa, hajawahi kuivuta.

Ya Tanga nayo yakafuata, maana Mtaita na mimi hatuwezi kukaa saa moja bila 1914. Yeye kakulia karibu na kilima cha Salaita, ambako watoto walikuwa wanaokota maganda ya risasi mashambani baada ya mvua, na anajiona vita ile ni ya kwao. Mimi nina yangu: Novemba 1914, Waingereza walipoivamia Tanga, kombania nyingi za askari wa Wajerumani zilizokuwa pale zilibeba bunduki za Mauser za 1871, risasi moja moja, unene wa milimita 11, baruti nyeusi. Kila ukifyatua unatoa wingu jeupe, adui anajua ulipo hata kama hajui kusoma. Na bado walishinda, na Waingereza walioondoka kwa meli wakaacha bombomu 16 na risasi 600,000 za kisasa. Mtaita husema nyuki waliowauma askari vitani walisaidia. Husema hivyo kila mara.

Alhamisi, 27 Februari

Springi mpya imefika kwa posta. Nilikuwa na chaguo mbili: springi ya kipimo cha asili, na nyingine kali zaidi ambayo muuzaji anaisifia. Ile kali sikuitaka. Kwanza, kuvuka futi-ratili 12 bila cheti ni kosa la jinai, si jambo la mzaha. Pili, chuma hiki ni cha babu. Ukimtwika gunia la kijana utavunja kifyatulio, na kifyatulio cha BSA ya miaka ya 1920 hukipati dukani.

Nimesaga ncha za springi ziwe laini, nikapaka grisi kidogo. Kesho kutwa inaweza kuwa mwezi.

Machi, usiku wa Ramadhani

Sikuandika tarehe, nilikuwa nafanya kidogo kidogo baada ya tarawehe. Mwezi huu ni wa kitako, kazi isiyo na kelele.

Hakuna msasa. Nimejifunza. Kwanza nimekiosha kwa kitambaa chenye tapentaini, na kitambaa kikatoka cheusi, tena na tena, mpaka nikaanza kuona mistari ya mbao. Mibonyeo nimeitoa kwa mvuke: unaweka kitambaa kibichi juu ya bonyeo, unagusisha ncha ya pasi ya moto, inalia sss, nyuzi za mbao zinakunywa mvuke na kuvimba zirudi mahali pake. Bonyeo kubwa la karibu na shavu liliinuka lote mbele ya macho yangu, kama mkate wa mofa. Mikato 23 niliifunika kwa mkanda nisije nikaipa mvuke kwa bahati mbaya.

Kisha mafuta ya kitani. Matone matatu kiganjani, unasugua mpaka mbao ipate joto la mkono wako. Unafuta. Unangoja kesho. Nimefanya hivyo usiku kumi na moja, mara nyingine nikiwa nangoja daku. Usiku wa kwanza mbao ilifyonza yote ikabaki nyeupe. Usiku wa nne ikaanza rangi ya asali. Sasa kuna mstari mweusi unaopinda kutoka kwenye shingo ya kitako hadi nyuma, ambao sikuujua upo, na mwanangu wa pili anasema unafanana na mto.

Mjomba kapiga simu kutoka Tanga kunitakia futari njema, nikafanya kosa la kumwambia ninachofanya. "Nitumie hiyo mwanangu, nimalizane na hawa kunguru." Kunguru weusi wa Kihindi wamemlia vifaranga vyote. Nimemwambia silaha haitumwi kama kanzu, hata ya upepo, kuna vibali na kuna jela. Akanyamaza, halafu akauliza kama basi naweza kumtumia manati. Manati, mtu wa miaka sitini na nane.

Jumapili, 6 Aprili

Tumeifunga. Ngozi mpya, springi mpya, skrubu zilezile. Mkono wa kukokea unashuka kwa sauti moja ya mafuta, kha, na kifyatulio kinashika.

Nyuma ya bustani nimeweka sanduku la mbao lililojazwa mchanga na nyuma yake bamba la chuma, kwa sababu risasi hairuhusiwi kuvuka mpaka wa kiwanja chako hata kwa inchi moja. Watoto ndani, dirisha limefungwa. Mtaita akashika saa kana kwamba ni Olimpiki.

Nikainua bilula, nikatia kidonge kichwa mbele, nikafunga, nikalenga.

Ilipiga kama bastola. Moshi mweupe ukatoka mdomoni mwa mtutu, ukatanda juu ya nyasi, na jirani akafungua pazia. Nilikuwa nimezidisha mafuta kwenye ngozi. Pistoni inapokwenda mbio hewa inashindiliwa mpaka inapata moto, na mafuta ya ziada yanawaka palepale, sawasawa na injini ya dizeli. Nilijua, tena, na nilifanya, tena.

Mzee alikuwa amejiinamia kwa kicheko, kikombe kinamwagika. "Tanga," akasema alipopata pumzi. "Novemba 1914! Mtu wa Tanga kaanza na moshi!"

Risasi ya tano moshi ulikuwa umepungua. Ya kumi na tano ukaisha, ikabaki ile sauti inayotakiwa, kavu na fupi, kama mtu anayefunga kitabu. Jirani nimempelekea sambusa na maelezo.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuipeleka kwa Mtaita ili tuipime kasi ilikuwa shughuli. Basi namba 60 linapita mlangoni kwangu, na sheria inaniruhusu kubeba bunduki ya upepo ikiwa haina risasi, imefunikwa, na nina sababu ya maana. Lakini mimi ni mweusi mwenye ndevu, nimebeba mkoba mrefu begani. Kuna maelezo ambayo sitaki kuyatoa kando ya barabara huku nimelala kifudifudi. Mtaita kaja na gari, nikamlipia petroli.

Jambo nililolikuta: marisau ya kawaida ya milimita 5.5 yanapwaya. Ukiyatia kwenye bilula yanateleza kama punje kwenye tundu la panya. BSA za kabla ya Vita vya Pili zinataka ya 5.6, na lile kopo la bure la yule mama, nilipolifuta vumbi, ndilo lilikuwa hilo. Yeye hakujua. Mumewe alijua.

Kwa hayo, yenye uzito wa grein 14.5, mashine ilisoma futi 488 kwa sekunde, 495, 503, 497, 501. Hesabu inatoa futi-ratili 8 kasoro chembe. Chini ya sheria kwa mbali, na kwa ngozi niliyoikanda jikoni, tofauti ya futi 15 tu kati ya ya chini na ya juu si haba. Mtaita alipekua daftari lake akaona moja ya Diana zake inayumba kuliko hiyo. Hakusema neno. Akaenda kuweka chai.

Bilula inavuja kidogo. Ukiweka unyoya wa kuku juu yake unapepea wakati wa kufyatua. Hiyo ya kusaga ni kazi ya mtu mwenye mkono wa uhakika, na mkono wangu nimeshauona Februari.

Jumapili, 27 Aprili

Nimetafuta bamba la chuma, nikalitoboa tundu katikati, dogo kuliko sarafu ya senti moja ya hapa. Nyuma nimefunga kengele ya baiskeli. Ni kengele ya kawaida tu, lakini kwa kuwa BSA walitengeneza baiskeli pia, nimejiambia ni ya ukoo.

Yadi saba, kusimama, bila kuegemea. Mtaita bamba, bamba, bamba, kengele. Mimi bamba mara sita mfululizo, sitaki kuzungumzia. Mzee alisema macho yake hayamfikishi mbali hivyo, tukamsihi, akavua miwani, akaivaa tena, akaomba kiti akakataliwa. Ya kwanza bamba. Ya pili ikapita juu, mchangani. Ya tatu akakaa nayo begani muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

Kengele.

Hakuirudisha bunduki. Aliigeuza juu chini, akatoa kijikisu cha kumenyea machungwa mfukoni, akaniangalia, akaweka ncha ya kisu pembeni ya ule mkato wa 23.

"Niruhusu," akasema.

Nimemwambia nitalifikiria mpaka Jumamosi. Ameondoka na kijikisu chake, lakini naona ameacha alama ndogo ya penseli.